Gumato, Aliyefika Wiki Kumi na Moja Mapema

Vijana wangu mnaoanza kazi ya uuguzi, acheni niwaambie siku niliyobishana na mwanamume mzima kama mke wake amezaa au hajazaa.

Ilikuwa mchana, jua la Isiolo limewaka hadi mbwa wa pale getini wameacha kubweka. Mimi nilikuwa na miaka miwili tu kazini, Sista Akiru, Mturkana wa Ngaremara, najiona najua kila kitu. Pikapu ikaingia hospitalini kwa kishindo, imejaa abiria na mbuzi wawili, na dereva akaruka chini kabla haijasimama vizuri. Mtu mnene, shati limelowa jasho.

"Sista, bibi yangu amezaa!"

Nikatazama nyuma yake. Abiria walikuwa wakimsaidia kushuka mama mmoja mwembamba, amejifunga leso kifuani, mikono mitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Ndani wapi? Si umesema amezaa?"

"Ndiyo. Amezaa. Lakini mtoto yuko ndani."

"Mzee, kama yuko ndani, basi hajazaa!"

"Ndani ya nguo, sista! Ndani ya nguo!"

Mama akafungua leso kidogo. Katikati ya matiti yake, ngozi kwa ngozi, kilikuwa kimelala kitu chekundu, chembamba, kichwa chake kama limau, mikono kama vidole vyangu. Kikafungua mdomo. Hakikutoa sauti, lakini kilifungua mdomo kama mtu anayetaka kulalamika na hajui aanzie wapi.

Huyo ndiye Gumato, binti. Mama yake aliitwa Darmi, na baba yake, yule dereva, ni Dida, aliyekuwa akibeba abiria na mizigo kati ya Merti na Isiolo. Darmi alikuwa anakuja kliniki tu. Mimba yake ilikuwa ya wiki ishirini na tisa, na barabara ile mnaijua. Kabla ya kufika Ngaremara mtoto akaamua kwamba safari imemchosha. Wanawake wa kwenye pikapu walisimamisha gari, wakazungusha leso zao kama pazia, na nyanya mmoja ambaye hatukuwahi hata kujua jina lake akamchukua mtoto, akampangusa, akamweka kifuani kwa mama na kusema, "Usimtoe hapo mpaka umwone daktari." Mimi nilikuwa na cheti. Yule nyanya hakuwa nacho. Lakini mtoto alifika kwetu akiwa na joto, na ndiyo sababu alifika akiwa hai. Andikeni hilo kabla ya yote: mtoto wa namna hiyo huuliwa na baridi kwanza, hata kwenye jua la Isiolo.

Tulimpima. Kilo moja na gramu mia moja. Nikampima tena, na tena, kama vile mizani ingenihurumia. Bosi wangu wa nasari, ile wodi ya watoto wachanga, Sista Kagwiria, Mmeru aliyekuwa amelea watoto wadogo namna ile tangu kabla sijaingia shule, akanisogeza kwa kiwiko.

"Unaogopa?"

"Ndiyo, sista."

"Sawa. Nawa mikono kwanza. Utaogopa baadaye ukipata nafasi."

Nafasi yenyewe sikuipata kwa miezi miwili. Kila baada ya saa mbili ni maziwa ya mama kupitia mpira mwembamba wa puani. Mpira ule unaupima kutoka puani hadi sikioni, halafu hadi chini ya kifua, na unauhakikisha kila mara kabla ya kutia hata tone. Nasari yetu ilikuwa na inkubeta moja nzima ya kuwatia watoto joto na nyingine ambayo taa yake ilikuwa nzima, basi. Katikati ya hayo yote nilifanya kosa ambalo nililibeba miaka minane.

Siku ya tatu midomo ya Gumato ikawa ya buluu. Nikakimbilia mtungi wa oksijeni na kuufungua kwa nguvu, kama mtu anayezima moto. Akawa mwekundu. Nikafurahi, nikauacha hivyo hivyo, nikaenda kuwashughulikia wengine. Sista Kagwiria aliporudi akausikia mlio wa hewa kutoka mlangoni.

"Akiru! Nani amefungua hii?"

"Mimi, sista. Alikuwa wa buluu."

"Na sasa ni mwekundu. Kwa nini bado iko hivi?" Akaipunguza mpaka mlio ukaisha. "Oksijeni ni dawa. Dawa ina kipimo. Kwa mtoto huyu ikizidi inaweza kuharibu macho, na hutajua leo. Utajua atakapokuwa anatembea akigonga ukuta."

Nilihesabu saa ambazo hewa ile ilikuwa wazi. Zilikuwa karibu tatu. Sikumwambia Darmi. Nilijiambia nitamwambia kesho.

Sasa niwachekeshe kidogo, maana siku za Dida nasari ndizo zilizonifanya niipende kazi hii.

Wiki ya pili Darmi alipata homa, titi moja limevimba, ikabidi alale wodi nyingine atibiwe. Mtoto alikuwa ameshazoea kifua cha mtu. Ukimrudisha kwenye inkubeta mbovu, maana ile nzima ilikuwa na mwingine, anapoteza joto na kusahau kupumua. Sista Kagwiria akamtazama Dida juu mpaka chini.

"Vua shati."

"Mimi?"

"Kuna Dida mwingine hapa?"

"Sista, mimi ni mwanaume!"

"Nimeona. Vua shati, oga, kaa kwa kile kiti."

Alioga kwa sabuni nzima. Tukamfunga mtoto kifuani kwa shuka, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura. Dida akakaa kama amebeba bomu. Kifua chake kilikuwa na nywele nyingi, na jambo la kwanza Gumato alilofanya ni kupiga chafya. Chafya ya mtoto wa kilo moja ni ndogo kama ya paka, lakini Dida alipiga kelele wodi nzima ikageuka.

"Amefanya nini? Ameharibika?"

"Umemtekenya. Tulia."

Kisha nikamfundisha jambo ambalo ninyi pia lazima mlifundishe kila mzazi. Ubongo wa mtoto huyu haujakomaa, kuna wakati unasahau kupumua. Usimtikise. Mguse unyayo, mkune kidogo kwa kidole, atakumbuka.

Dida akainua kichwa kwa uangalifu, asimwamshe. "Sista, mtu anasahau aje kupumua? Mimi nimesahau mzigo, nimesahau abiria Kulamawe, hata siku moja nimesahau mbuzi wa chifu. Lakini kupumua?"

"Huyu anasahau."

"Basi nitakuwa namkumbusha."

Na alimkumbusha siku nne. Mtu ambaye pale steji ya magari ya Merti hakuwahi kuonekana amekaa dakika tano, alikaa kwenye kiti cha mbao kutoka asubuhi mpaka jioni. Ili asisinzie akawa anamsimulia mtoto ile barabara. "Sasa tumetoka Isiolo. Hapa kuna bampu, shika. Hapa ni Ngaremara, hapa ndio ulitoka bila kulipa nauli. Hapa kuna shimo, linaitwa Shimo la Dida." Wenzake madereva walikuja kumchungulia dirishani, wamekuja kucheka. Mmoja akauliza, "Dida, umezaa lini?" Dida hakugeuka hata. "Nyamaza, nimebeba abiria." Na mimi niliyekuwa nimesimama hapo na karatasi yangu, niliona pumzi za mtoto zinanyooka, mapigo yanatulia, rangi inakuja yenyewe bila mtungi wowote. Nilicheka mpaka nikatoka nje kupangusa macho.

Siku walipotoka, Gumato alikuwa na kilo mbili kasoro kidogo na ameshajua kunyonya. Wengi wenu mnadhani hapo ndipo kazi inaishia. Mtoto ameongeza uzito, amepungiwa mkono, basi. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe ndio tunaanza.

Darmi alimleta kliniki akiwa na miezi tisa. Mimi nilikuwa na kitabu changu cha hatua za mtoto, nimekikariri kama mistari ya Biblia.

"Anakaa mwenyewe?"

"Bado, sista. Nikimweka anaanguka kando."

"Miezi tisa na hakai? Mama, huyu amechelewa sana." Nikaandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa. AMECHELEWA.

Machozi ya Darmi yalianza tu kushuka, moja moja, hata hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa imemshika mtoto. Huyo ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee, na hakupata mwingine baadaye.

Sista Kagwiria alikuwa akipita. Akaona machozi, akaona kalamu nyekundu.

"Akiru, mtoto huyu alipaswa kuzaliwa lini?"

Nikahesabu kwa vidole. Wiki kumi na moja baadaye.

"Basi toa wiki kumi na moja. Ana miezi mingapi?"

"Sita na nusu."

"Wa miezi sita na nusu akianguka kando ni ajabu?"

"Si ajabu, sista."

"Futa hiyo takataka. Na umwombe mama msamaha kabla hujafuta."

Nikaomba msamaha. Dida, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, akasikia yote na kuelewa kuliko mimi. Alimgeukia mkewe akamwambia kwa Kiborana, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nifaidike. "Fundi akinipatia gari kabla hajamaliza kufunga magurudumu, si mimi ndiye nitamalizia kufunga njiani? Nitafika, lakini siwezi kufika saa moja na wale waliofungiwa kila kitu." Kwa miaka yote iliyofuata niliwaeleza wazazi kwa maneno ya Dida. Kwa mtoto aliyekuja mapema sana, mpaka atimize miaka miwili, hesabuni umri wake kutoka siku aliyopaswa kuzaliwa. Mtaokoa machozi mengi.

Lakini pia msijifiche nyuma ya hesabu hiyo. Ni rahisi kumwambia kila mama "atafikia tu wenzake," halafu asifikie. Niliwafuatilia wengi. Wapo tuliowapoteza wakiwa bado nasari. Wapo ambao miguu yao ilikaza, wakahitaji mazoezi kila siku na viatu maalumu. Wapo ambao masikio yao hayakusikia na tukachelewa kujua kwa sababu walikuwa watulivu na sote tulifurahia utulivu wao. Ukiona mtoto mtulivu mno, piga makofi nyuma yake. Wapo waliochelewa kuongea, na wapo walioongea mapema hadi ungetamani wachelewe. Kila mmoja alihitaji mtu wa kumtazama vizuri na mapema, bila kumtisha mama yake na bila kumdanganya.

Gumato alitembea akiwa na miezi kumi na saba. Najua kwa sababu Dida aliendesha pikapu hadi hospitalini, na abiria wote wa Merti ndani yake, ili aje kunionyesha. Abiria walikuwa wamekasirika kweli. Akamweka chini pale veranda, mtoto akapiga hatua nne na kukalia matako, na abiria wale wale wakapiga vigelegele.

Kifua chake kilisumbua. Kila msimu wa vumbi alikuwa anakoroma kama chai inayochemka, nikamwambia Darmi atoe jiko nje, asipikie alikolala mtoto, na amlete mara tu mbavu zinapoanza kuingia ndani anapopumua. Vifungo vya sare vilimshinda mpaka darasa la pili. Nilimwambia mama yake amchanganyie ndengu na mahindi kwenye sinia amwambie atenganishe, moja moja, kila siku kidogo, ili vidole vipate mazoezi. Darmi akaniambia baadaye kwamba mtoto alitenganisha mpaka majirani wakawa wanamletea za kwao.

Kisha wakahamia Isiolo mjini, Gumato akaanza kufeli.

Darmi alikuja kwangu akiwa na barua ya shule. Mwalimu ameandika kwamba mtoto ni mzito, hanakili kitu ubaoni, arudie darasa. "Sista," Darmi akasema, "nyumbani huyu anahesabu vyombo vya jirani. Anajua nani amekosa kijiko. Mzito ni nani?"

Nikamwita Gumato nje. Miaka minane, mwembamba, mchangamfu, mdomo haufungi. Ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama punda na mitungi ya maji, amefunikwa gunia jeusi. Gumato akamwinamia kwa heshima.

"Salaam aleikum, mama."

Punda hakujibu.

Mimi nilicheka kabla moyo wangu haujaelewa. Halafu ukaelewa: mtoto huyu haoni ng'ambo ya barabara. Nilisikia ule mlio wa oksijeni kama vile mtungi uko nyuma yangu.

Sisi hatukuwa na daktari wa macho, tukapata nafasi Meru. Dida aliendesha, mimi nikaomba ruhusa kazini nikaenda nao. Pale kwenye benchi, mtoto ameingizwa ndani na muuguzi, nikaona siwezi kungoja matokeo kabla ya kusema. Nikamwambia Darmi yote. Nilivyofungua ile hewa. Nilivyoiacha. Zile saa tatu. Na kwamba kwa miaka minane nilikuwa namwona kila kliniki na sikuwahi kufungua mdomo.

Ufunguo wa gari ambao Dida alikuwa akiuzungusha kidoleni ukasimama.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" Darmi akauliza.

"Ishirini na nne."

"Mimi nilikuwa na kumi na tisa." Akavuta ushungi wake. "Sista, nimekasirika. Nitakuwa nimekasirika kwa siku kadhaa, usinipigie simu. Lakini kama ningeambiwa na mtu mwingine, ningekasirika mpaka nife. Afadhali umesema mwenyewe."

Daktari akatuita. Alikuwa ameangalia nyuma ya macho, kule ambako oksijeni huharibu. Akasema kuna alama ndogo, zimepona zenyewe zamani. Shida iliyobaki ni kwamba haoni mbali, na haoni mbali kwa kiwango kikubwa, jambo ambalo huwapata sana waliozaliwa mapema namna hiyo, iwe walizidishiwa hewa au la. "Siwezi kukwambia ni sababu gani," akaniambia mimi, maana aliona uso wangu. "Lakini watoto wote kama huyu wangepaswa kuangaliwa macho wakiwa bado nasari. Mnafanya hivyo?"

Hatukuwa tukifanya. Kuanzia mwezi ule tulianza, na nilisumbua wakubwa mpaka wakawa wananiona kwa mbali na kugeuza njia.

Siku ya kuchukua miwani tulirudi wote, Darmi akiwa ameshamaliza kukasirika. Gumato akavaa. Akatazama mkono wake. Akamtazama mama yake, akatabasamu. Akanigeukia mimi, akanikazia macho kabisa.

"Sista! Kumbe uko na ndevu!"

"Ndevu gani?"

"Mbili. Hapo kidevuni. Moja ndefu."

Daktari aliweka kalamu chini akageukia ukutani, mabega yanacheza. Nami mpaka leo kila asubuhi naangalia kidevu.

Lakini ngojeni. Mnaujua ule mteremko wa kutoka Meru kuja Isiolo, pale unapopinda kona na nchi yote ya kaskazini inafunguka chini yako, tambarare, na vilima vimesimama mbali? Gumato alikuwa amepita pale mara tatu. Safari hii alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Baba, simamisha."

Dida akasimamisha.

"Hii yote imekuwa hapa?"

"Imekuwa hapa."

"Inafika wapi?"

"Kule nyuma ya kile kilima, mbele tena, mbele tena, ndio Merti kwetu."

Akatazama hadi tukahofia macho yatachoka. Kisha akaanza kutaja kila alichoona. Lori! Ngamia! Moshi! Mtu ameshika mwavuli! Dida naye akashikwa, ikawa kila kona anasimama, na nyuma yetu malori yanapiga honi, na sisi wanne tunataja vitu kama wendawazimu. Bati! Kondoo! Askari anakojoa! Darmi akamziba Gumato mdomo, lakini amechelewa.

Alirudi shule akakaa mbele. Mwalimu yule yule, na namheshimu kwa hili, alikuja hospitalini mwenyewe kuniuliza ni nini kingine anachopaswa kujua. Nilimwambia mtoto huyu atachoka mapema, atapotea akipewa maagizo matatu kwa pamoja, mpe moja moja. Mwandiko wake mpaka leo ni kama kuku amepita kwenye matope. Hesabu zilimchukua muda mrefu kuliko wenzake. Alimaliza sekondari akiwa na alama za katikati na furaha ya mtu wa kwanza.

Sasa ni fundi wa simu pale mjini. Mtu asiyeona mbali huona karibu ajabu. Anavua miwani, anaweka simu mbele ya pua, na skrubu ambayo mimi siwezi hata kuamini ipo anaifungua kwa vidole vile vile vilivyoshindwa na vifungo. Wateja wanamwita Darubini.

Nilistaafu mapema. Mwaka wa pili wa kustaafu Gumato akaja nyumbani, ameshaolewa, akakaa kwenye kochi, akavua miwani akaanza kuifuta. Nikajua kuna jambo.

"Sista, niko na mimba."

Nilipiga kelele hadi kuku wakaruka. Yeye hakupiga.

"Wangu naye atakimbia kama mimi?"

"Labda. Labda sivyo. Twende kliniki, sasa hivi."

Kliniki tulipata muuguzi kijana, mzuri, mwenye haraka. Gumato akasema, kama nilivyomwagiza, kwamba yeye mwenyewe alizaliwa wiki ishirini na tisa. Muuguzi akacheka kwa upole. "Mama, hiyo ni hadithi ya zamani. Hapa tunaandika yako ya sasa."

"Binti yangu," nikasema, "mwili wake ndio ule ule. Figo ndizo zile zile zilizoharakishwa, mishipa ndiyo ile ile. Watu waliozaliwa mapema sana huweza kupata presha wakiwa bado vijana, na hakuna anayewauliza. Andika. Umpime presha kila akija, hata akija kukusalimia tu."

Akaandika. Na presha ilipanda kweli, mwezi wa saba, kidogo tu, lakini kwa sababu ilikuwa imeandikwa walikuwa wanaiangalia. Wakawa wanamwona kila wiki, wakampa mapumziko, simu za watu zikangoja. Ikatulia.

Wiki ya ishirini na tisa ilipofika, Dida, mzee sasa, tumbo limeongezeka na nywele zimepungua, aliegesha pikapu mbele ya nyumba ya bintiye, pua ya gari imeelekea hospitali, na akakataa kubeba abiria. Kila Gumato akikohoa, anawasha injini. Wiki ya thelathini ikapita. Thelathini na mbili. Mimi nilikuwa nampigia asubuhi na mchana mpaka mume wake akaniomba, kwa adabu kabisa, nipunguze. Thelathini na sita! Nilicheza jikoni peke yangu, mwiko mkononi. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Hakuna dalili. Arobaini. Hakuna.

"Sista," Dida akanipigia, amechoka, "sasa huyu anangoja nini? Abiria wajae?"

Maisha yangu yote ya kazi niliwaomba watoto wangoje. Wangoje wiki moja tu, siku mbili tu, hata mpaka ile sindano ya kukomaza mapafu ifanye kazi. Sasa nilikuwa nimepiga magoti nikimwomba mmoja afanye haraka. Daktari akasema kwa sababu ya ile presha hatapitisha tarehe, aje asubuhi aanzishiwe uchungu.

Mtoto alizaliwa jioni ya siku hiyo ya kuanzishiwa, jua bado lipo. Mvulana. Kilo tatu na gramu mia nane. Alilia kwa nguvu hadi mlinzi wa getini akauliza kuna nini. Wakanipa nimshike, na mikono yangu, ambayo imezoea kumshika mtu kama yai, ikamshika hivyo hivyo, akafurika kila upande, akanipiga teke la kifuani. Yule muuguzi kijana akaniambia, "Sista, si walisema wewe ni mtaalamu wa watoto? Mshike na mkono mwingine!"

Kesho yake asubuhi daktari alipita, akasikiliza kifua, akaangalia presha ya mama, akatia sahihi. Darmi alikuwa amekaa pembeni na begi kubwa. Alikuwa ameleta nguo za kubadilisha za wiki nyingi, thamosi, sabuni, godoro jembamba la kulalia, kila kitu ambacho yeye mwenyewe alikikosa wakati wake.

"Mnaweza kwenda," daktari akasema.

Darmi hakusimama. Alinitazama mimi.

"Anasema twende wapi?"

"Nyumbani, Darmi."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Leo?" Akamtazama mjukuu, akanitazama tena, na uso wake ukaanza kufunguka polepole. "Sista, hivi tu? Unamchukua tu, unatoka?"

"Hivi tu."

Akacheka. Sijawahi kumsikia Darmi akicheka namna ile, mkono kwenye mdomo, mabega yanaruka, mpaka Gumato naye akaanza kisha akashika tumbo akilia kwamba inauma. Wakatoka mlangoni wakiwa wanacheka, nami nyuma yao nimebeba godoro ambalo halikufunguliwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na haja ya kuniuliza chochote.